Unity: ada iliyotangazwa na kufutwa

Tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka wa 2023, kampuni ya Unity ya Marekani ilitangaza malipo mapya. Unity ina injini ya michezo, yaani programu ambayo watu wengi wanatumia kutengeneza michezo ya simu na kompyuta. Wadogo walikuwa wanaitumia bure, wakubwa walilipa kila mwaka. Sasa wakaambiwa hivi: mchezo ukiingiza dola 200,000 kwa mwaka na kuwekwa kwenye vyombo mara 200,000, kila mara unapowekwa tena mtengenezaji atalipa hadi senti 20 za dola.

Kilichowaudhi zaidi si senti hizo. Sheria iligusa hata michezo iliyokwisha kutoka zamani. Na mchezo wa bure hauleti pesa kila unapowekwa, lakini deni lingepanda. Ni kama aliyekuuzia msumeno arudi kudai fungu lake kwa kila kiti ulichouza.

Siku 10 baadaye Unity ikalegeza. Mwezi wa 10 mkuu wake, John Riccitiello, akaondoka. Tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka wa 2024 ada ikafutwa, bei ya mwaka kwa wakubwa ikapandishwa. Wengine walikuwa wamekwisha kuhamia Godot, injini ya bure. Re-Logic, watengenezaji wa Terraria, waliipa dola 100,000.