UZI: Rungu halijibu swali. Likoni 1997 na siasa za "mtaona"

1/ Msimu wa siasa ukikaribia huku Pwani, kuna maneno lazima uyasikie: "Msipotupa kura, mtaona." Au: "Hapa ni kwetu, asiyetaka afungashe virago." Watu wanapiga makofi kana kwamba hoja imetolewa. Leo tuichambue hiyo "hoja". Mimi ni mtu wa Likoni, kwa hivyo mfano wangu ni wa nyumbani. Sitaji mwanasiasa wala chama, msinitafutie kesi.

2/ Kwanza tuelewane. Hoja hukupa sababu ya kuamini kwamba jambo ni kweli. Tishio hukupa sababu ya kunyamaza. Si kitu kimoja. Wazee walisema mwenye nguvu mpishe. Walisema umpishe njia, hawakusema ana haki.

3/ Sasa twende 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti, miezi minne na kitu kabla ya uchaguzi mkuu, genge lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo cha pale feri. Askari sita wakauawa, bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa. Nyumba na vibanda vya biashara vikachomwa. Vikaratasi vikawaambia watu wa bara warudi makwao.

4/ Mashambulizi yaliendelea kwa wiki kadhaa, Likoni na Kwale. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na karibu 100,000 walikimbia. Kanisa Katoliki la Likoni lilijaa familia zilizokosa pa kulala. Wengi walikuwa majirani wa miaka mingi, watu wa kukopeshana unga na kuzikana.

5/ Je, nyuma ya fujo ile kulikuwa na swali la kweli? Ndiyo, tena zito. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka watu wa ukanda wa Pwani wawasilishe madai yao. Ambaye hakudai, au alikuwa kwenye ardhi ya jamii isiyo na karatasi, shamba lake likahesabiwa kuwa mali ya serikali ya kikoloni. Ndiyo maana mpaka leo kuna mtu amezikwa babu yake hapo na bado anaitwa skwota.

6/ Haya, panga lilijibu nini katika hayo? Hakuna hati hata moja iliyopatikana kwa kuchoma kibanda cha muuza mboga. Yule mama hakuandika sheria ya 1908. Watalii walikimbia, hoteli za pwani ya kusini zikapunguza watu, na vijana wa hapa hapa walioambiwa watapata kazi wakakosa hata ile iliyokuwepo. Ila wapiga kura wengi walikuwa wameshahama. Jiulize nani alifaidika.

7/ Na serikali nayo ilishika rungu. Vijana wengi wa Kidigo walikamatwa kwenye misako, na watetezi wa haki waliandika kuhusu kupigwa na kuteswa. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa 1998 na kumaliza kazi 1999, lakini ripoti yake haikuwekwa hadharani hadi 2002. Kumbe hata mwenye sare anaweza kuamini kwamba ukimpiga muulizaji, swali limekwisha.

8/ Hasara kubwa ni hii: baada ya 1997, ukitaja ardhi ya Pwani tu, kuna mtu atakuuliza, "Unataka kuturudisha Likoni?" Swali halali likavishwa nguo ya damu. Mwenye dai la kweli anayetumia panga anampa mpinzani wake kisingizio cha kutomsikiliza.

9/ Najua kuna atakayeuliza: "Na mgomo je? Si tishio pia?" Swali zuri. Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Mombasa, wa bandari na reli wakiwemo, waliacha kazi. Hiyo ni shinikizo, sikatai. Lakini walizuia jasho lao wenyewe, hawakumwaga damu ya jirani. Na mgomo ulizaa baraza la kusikiliza madai, ambako mishahara na kodi za nyumba zilipimwa kwa hesabu, na nyongeza ikatoka. Shinikizo lilifungua mlango, sababu zikaingia. Likoni mlango ulichomwa.

10/ Kipimo chepesi cha kutumia mkutanoni, iwe Kisauni, Changamwe au Mtongwe. Mtu akisema "usipofanya hivi utaumia", uliza: nani ataniumiza? "Ukinunua kiwanja bila kuangalia hati, utalia": hilo ni onyo, madhara yanatoka kwenye jambo lenyewe. "Ukimpigia kura fulani, nyumba utaiacha": hilo ni tishio, madhara yanatoka kwa msemaji mwenyewe.

11/ Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wako wa kusema, na hapo hapo inasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa vurugu. Kwa hivyo anayekwambia "mtaona" hana hoja, na anachezea sheria pia. Mwambie: sawa, tumekusikia, sasa tupe sababu. Akikosa, basi rungu ndilo lilikuwa manifesto yake yote.