Bingwa wa Wote na Aliyekimbia Bila Kuandikwa

Sisi Waswahili wa katikati ya jiji la Durban hatumalizi ubishi huu: nani mwanamichezo bora kuliko wote? Wakongo wetu humtaja Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Watanzania twajibu kwamba mwaka huohuo Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch. Mkenya husema “Kipchoge” tu. Ukimwuliza Kipchoge yupi, anacheka.

Lakini twabishana karibu na Jumba la Jiji, mahali zinapoanzia mbio za Comrades mwaka wa kupanda kwenda Pietermaritzburg, kiasi cha kilomita 90. Mwaka 1935 Robert Mtshali alizikimbia, akazimaliza. Matokeo yake hayakutambuliwa, kwa kuwa alikuwa mweusi. Weusi na wanawake waliruhusiwa rasmi mwaka 1975, na Sam Tshabalala akashinda mwaka 1989. Bruce Fordyce alishinda mara 9, hatumnyimi haki yake. Ila kwa miaka zaidi ya 50 walioshindanishwa ni wale walioruhusiwa kujiandikisha tu.

Juzi tulipiga kura. Ali alishinda. Mtshali alipata mbili.