Jina la Nkrumah Katika Ardhi ya Asantehene

Msikilizaji, juma hili nakupeleka Kumasi, mji wa Waashanti huko Ghana, penye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Kwame Nkrumah. Mimi mambo ya uhandisi siyajui sana. Kinachonivuta ni hilo jina.

Chuo kilifunguliwa Januari 1952, enzi ya Waingereza, na wanafunzi 200 wa ualimu waliohamishwa kutoka Achimota. Uhandisi ukaanza mwaka huo huo, na ufamasia 1953. Ardhi ilitoka kwa mfalme wa Waashanti, Asantehene Prempeh wa Pili.

Sasa sikiliza. Mwaka 1954, papo hapo Kumasi, kilizaliwa chama cha kumpinga Nkrumah, kikidai serikali ya shirikisho ili Accra isimeze kila kitu. Asantehene alikiunga mkono. Nkrumah alishinda, uhuru ukaja 1957, na mwaka 1961 chuo kikapandishwa kuwa chuo kikuu na kupewa jina lake. Yaani jina la mshindi likabandikwa kwenye ardhi ya aliyeshindwa! Kukipa chuo jina la rais aliye madarakani, kwa maoni yangu, ni kukitafutia balaa.

Na balaa halikukawia. Februari 24, 1966, Nkrumah akiwa safarini Asia, wanajeshi na polisi walimpindua. Jina lake likaondolewa. Kikabaki Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, basi.

Lakini ni katika miaka hiyo bila jina ndipo chuo kilifanya kazi ninayoithamini kuliko zote. Mwaka 1972 kilianzisha kituo cha ushauri wa teknolojia, na mwaka 1980 kituo hicho kikafungua karakana Suame, mtaa wa Kumasi uliojaa mafundi wa magari na wahunzi, wengi wao wakiwa wamejifunza kazi kwa kumtazama fundi mkubwa. Hapo wakafundishwa kutumia mashine za kukereza chuma. Badala ya fundi kubisha hodi chuoni, chuo ndicho kilichokwenda kwa fundi. Vyuo vyetu vingapi vimethubutu?

Jina lilirudishwa mwaka 1998, baada ya miaka 32. Wahasimu wenyewe hawakuliona: Prempeh alifariki 1970, Nkrumah 1972. Na tangu 2005 Mkuu wa Chuo hicho, anayewatunuku wahitimu shahada zenye jina la Nkrumah, ni Asantehene, Osei Tutu wa Pili.