Fedha za Madarasa Vijijini

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza Tanzania mwaka 2002, baada ya ada kufutwa na watoto kufurika shuleni. Ruzuku ya ujenzi ilipelekwa hadi akaunti ya shule. Kamati ya shule ilinunua saruji na bati na kuwalipa mafundi. Wananchi walisomba mchanga, mawe na maji. Mapato na matumizi yalitakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na hapo ndipo mzazi alipopata haki ya kuhoji. Mwaka 2004 ukafuata Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, uliozaa sekondari nyingi za kata. Maboma ya madarasa yaliyojengwa kwa michango ya wananchi yalisubiri fedha za serikali ili yaezekwe, mengine kwa miaka.