Bolti iliyoganda (msumeno wa mnyororo)

Bolti iliyoganda ni bolti ambayo haifunguki kwa nguvu ya kawaida ya spana kwa sababu nyuzi zake zimeshikana na nyuzi za tundu lake. Tatizo hili huwapata sana mafundi wanaofufua injini za misumeno ya mnyororo iliyokwisha kutumika. Bolti yenyewe ni ya bei ndogo, lakini ikikatikia ndani inaweza kuharibu nyumba ya krenki, ambayo ni sehemu ghali ya injini. Kwa hiyo kanuni ya kazi ni kuokoa nyumba kwanza, hata kama bolti itapotea.

Matumizi katika eneo la Ugalla

Ugalla ni eneo la magharibi mwa Tanzania, katika mikoa ya Katavi na Tabora, linalopitiwa na mto Ugalla, tawimto la Malagarasi. Sehemu kubwa ni misitu ya miombo yenye miti ya mbao ngumu kama mninga na mkurungu. Uvunaji wa miti katika misitu ya hifadhi huhitaji kibali chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyoanzishwa mwaka 2019, ukataji hauruhusiwi.

Mvua za eneo hili hunyesha katika msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Msumeno uliowekwa bila kusafishwa hubaki na unga wa mbao uliochanganyika na mafuta. Unga huo hushika unyevu, na unyevu huleta kutu.

Sababu za kuganda

Bolti za msumeno ni za chuma cha pua au chuma cha kawaida, lakini silinda hutengenezwa kwa alumini na nyumba ya krenki mara nyingi kwa magnesi. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu hufanya kazi kama betri ndogo: alumini au magnesi huliwa, na unga mweupe unaotokea hujaza nafasi kati ya nyuzi. Bolti za eksozi huganda pia kwa sababu ya joto na masizi.

Kutambua bolti isiyoganda

Si kila kinachokataa kufunguka kimeganda. Klachi ya misumeno mingi ina nyuzi za kushoto, yaani hufunguliwa kwa kuizungusha upande ambao bolti ya kawaida hufungwa. Fundi asiyejua hilo huikaza zaidi mpaka ivunjike. Ili krenki isizunguke, plagi hutolewa na kipande cha kamba safi huingizwa ndani ya silinda kuzuia pistoni, baada ya pistoni kupandishwa na kuziba tundu la eksozi.

Njia za kulegeza

Hatua hufuatwa kwa utaratibu, kuanzia iliyo pole:

1. Tundu la kichwa cha bolti husafishwa kwa msumari, kisha spana yenye saizi kamili huingizwa hadi mwisho. Spana iliyolika huharibu kichwa.
2. Mafuta mepesi ya kupenya hutiwa na kuachwa kwa saa kadhaa, au usiku kucha, kisha huongezwa.
3. Kichwa hugongwa kwa nyundo ndogo mara kadhaa, wima, ili kuvunja kutu.
4. Nyumba hupashwa moto kwa hewa ya moto. Alumini na magnesi hutanuka takriban mara mbili ya chuma, hivyo tundu hupanuka kuliko bolti.
5. Bolti huzungushwa kidogo mbele na nyuma, huku mafuta yakiongezwa, badala ya kuvutwa kwa nguvu moja.

Bolti iliyokatika

Kipande kikibaki juu ya uso, nati huweza kuchomelewa juu yake. Joto la kuchomelea nalo husaidia kulegeza. Kikiwa ndani, katikati yake hutiwa alama kwa senta panchi, kisha hutobolewa kwa drili ndogo, na tundu hupanuliwa polepole. Kwa bolti ya milimita 5, drili ya milimita 4.2 huondoa kiini bila kugusa nyuzi, mradi tundu liko katikati kabisa. Vyuma vya kutolea vipande vya bolti ni vigumu lakini hukatika kirahisi, na drili ya kawaida haivitoboi. Nyuzi zikiharibika, tundu hupanuliwa na kuwekewa koili ya waya wa chuma yenye nyuzi mpya.

Usalama

Kabla ya kupasha moto au kuchomelea, tangi, karbureta na sehemu za mpira na plastiki huondolewa, na petroli huwekwa mbali. Vumbi na vipande vyembamba vya magnesi huwaka kwa ukali. Moto wake hauzimwi kwa maji, kwani maji huuongeza; hufunikwa kwa mchanga mkavu.

Kurudishia

Bolti mpya hupakwa grisi kidogo na kukazwa kwa zamu, kwa mkingamo. Bolti ya silinda iliyolegea hupitisha hewa, mchanganyiko wa petroli hupungua, na katika injini ya mipigo miwili upungufu huo hupunguza pia mafuta ya kulainisha, kiasi cha pistoni kuchubuka na injini kufa tena.