Sumaku: Kifaa kidogo chenye kazi kubwa katika mashamba na viwanda vya Kisii na Nyamira

MAJANI chai yanayochumwa katika milima ya Kisii na Nyamira hupitishwa karibu na sumaku kiwandani kabla ya kupakiwa. Mahindi na wimbi wa kusagia unga wa obokima nao hukutana na kifaa hicho kwenye mdomo wa kisiagi, iwapo mwenye mashine ni mwangalifu. Hata ng'ombe wa maziwa aliyefungiwa zizini huenda amebeba sumaku tumboni mwake pasipo jirani kujua.

Sumaku ni kipande cha chuma, au cha mchanganyiko wa madini, chenye nguvu za kuvuta chuma, nikeli na kobalti. Huwa na ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Ncha zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Ikikatwa katikati, kila kipande hujipatia ncha zake mbili. Shaba, alumini, dhahabu na plastiki havivutwi. Mnamo 1600 tabibu Mwingereza, William Gilbert, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa, na hiyo ndiyo sababu ya sindano ya dira kuelekea kaskazini.

Kwa mkulima wa Gusii, thamani ya sumaku huonekana wazi zaidi zizini. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Malisho ya wazi yamekuwa haba, na wafugaji wengi hulisha ng'ombe wao nepia, migomba na nyasi za kando ya barabara. Nyasi hizo huwa zimechanganyika na misumari, vipande vya seng'enge na nyaya nyembamba zinazosalia magurudumu ya magari yanapochomwa. Mashine ya kukatia malisho huongeza hatari, kwa kuwa waya mrefu ambao mfugaji angeuona na kuutupa hukatwakatwa ukawa vipande vidogo vilivyojificha ndani ya majani.

Ng'ombe hatafuni kwa makini anapokula. Humeza kwanza, kisha hucheua baadaye. Chuma kilichomezwa huzama katika tumbo la pili, lile lenye kuta zilizochorwa kama sega la nyuki. Tumbo hilo linapojikunja, waya huweza kulitoboa, ukapenya utando unaotenga tumbo na kifua, na hatimaye kuufikia moyo, ulio karibu mno na hapo. Mnyama huacha kula, maziwa hupungua ghafla, mgongo hupinda, na huguna anapolala au anapoteremka mlima. Usaha ukikusanya kando ya moyo, kidari huvimba. Wakati huo tiba huwa nadra kufaulu.

Kinga yake ni sumaku laini yenye umbo la kidole, urefu wa sentimita saba hivi, ambayo daktari wa mifugo humezesha mtamba anapokaribia umri wa kuzaa. Kwa uzito wake sumaku hiyo hutua katika tumbo la pili na kubaki humo maisha yote ya mnyama, ikivikamata vyuma visichome kuta. Moja inatosha. Mfugaji aliyenunua ng'ombe asiyemjua historia yake anaweza kuomba dira isogezwe kifuani mwake, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto. Sindano ikiyumba, sumaku ipo tayari. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kifaa hicho hakikamati nyaya za shaba wala za alumini, sembuse mifuko ya plastiki.

Katika sekta ya majani chai, adui ni yule yule ila ni mdogo zaidi. Viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA, vikiwemo Nyansiongo, Sanganyi, Tombe na Kebirigo katika Nyamira, na Nyamache, Kiamokama na Itumbe katika Kisii, hunyausha majani kisha huyapitisha kati ya rola zenye meno makali yanayoyakata na kuyararua. Meno hayo hulika. Kila yanaposuguana hutoa chembechembe za chuma zisizoonekana kwa urahisi. Wanunuzi wa ng'ambo huzipima, na shehena iliyochafuka inaweza kukataliwa au kushushwa bei katika mnada wa Mombasa. Hasara hiyo humwangukia mkulima kupitia bonasi ya mwisho wa mwaka, hata kama alichuma majani mawili na chipukizi kama alivyoagizwa.

Hapo ndipo sumaku hupangwa juu ya mikanda inayosafirisha chai. Kazi si rahisi jinsi inavyodhaniwa. Rola hizo hutengenezwa kwa chuma cha pua kisichoshika kutu, na aina hiyo huvutwa kwa unyonge. Kwa sababu hiyo sumaku za kawaida hazifui dafu. Zinahitajika zile zenye nguvu nyingi zilizotiwa madini ya neodimiamu, ambazo zilivumbuliwa mapema katika miaka ya 1980. Isitoshe, sumaku iliyofunikwa na vumbi la chuma haivuti tena ipasavyo, na isiposafishwa kila zamu hugeuka pambo la kiwandani.

Visiagi vya nafaka vina shida mbili. Msumari ukiingia pamoja na nafaka huvunja nyundo za mashine na kutoboa chekecheke. Nyundo zenyewe nazo huchakaa na kuacha chuma katika unga. Sumaku moja mdomoni hukinga mashine. Ya pili, panapotokea unga, humkinga mlaji.

Kwingineko sumaku hufanya kazi zake kimyakimya. Fundi wa nguo huokotea pini. Mnunuzi wa vyuma chakavu hutambulia bomba la chuma lililopakwa rangi ya shaba. Mlango wa jokofu hujifunga kwayo. Spika ya redio inayotangaza habari kwa Ekegusii haiwezi kutoa sauti bila sumaku nyuma yake, na magneto ya bodaboda huzungusha sumaku kando ya nyaya ili kuzalisha umeme wa pikipiki. Kanuni hiyo, iliyogunduliwa na Michael Faraday mnamo 1831, ndiyo inayotumika katika mtambo wa Gogo, Kaunti ya Migori, unaoendeshwa na maji ya Mto Gucha yanayoteremka kutoka nyanda za juu za Gusii.

Wapo wanaoibandika sumaku kwenye mita ya stima wakitumaini kupunguza gharama. Kuvuruga mita ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Vikuku vya sumaku vinavyouzwa sokoni kama tiba ya baridi yabisi navyo havijathibitishwa na utafiti wa kitabibu kwamba vinatibu.

Hatari kubwa zaidi imo katika sumaku ndogo za duara zinazochomolewa kutoka kwa vifaa vya kuchezea na spika mbovu. Mtoto akimeza moja, aghalabu hutoka yenyewe. Akimeza mbili, huvutana kupitia kuta za matumbo, zikazibana hadi zikatoboka. Dalili za mwanzo hufanana na maumivu ya kawaida ya tumbo, na mtoto anaweza kukaa saa nyingi bila kulia. Mzazi anayeshuku jambo hilo anapaswa kumfikisha hospitalini mara moja apigwe picha ya eksirei, na asimpe chakula njiani, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji siku hiyo hiyo.