Mkrismasi wa manjano: usiuziwe mti mwingine

Kila ifikapo Novemba, kaskazi inapoanza kuvuma, mitaa yetu ya Pwani hugeuka nyekundu. Ni ule mti wa kivuli kipana ambao wengine wetu huuita mjohoro, wengine mkakaya, na wengi siku hizi mkrismasi, kwa sababu maua yake huja karibu na Disemba. Jina lake la kisayansi ni Delonix regia. Lakini ndugu msomaji, je, wajua kwamba mti huo huo una aina yenye maua ya manjano tupu, kama dhahabu, bila chembe ya wekundu? Upo, ni adimu, na kwa sababu ni adimu una soko. Penye soko pana ujanja, na ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na asili yake, maana wengi hudhani ni mti wetu wa tangu na tangu. Kwao ni Madagaska, katika misitu mikavu ya kaskazini na magharibi ya kisiwa hicho, penye mawe ya chokaa. Mtaalamu wa mimea Wenceslas Bojer, aliyekuwa na makao yake Mauritius, ndiye aliyeujulisha kwa wanasayansi, na mwaka 1829 ukachapishwa kwa jina la Poinciana regia. Jina la Delonix lilikuja mwaka 1837. Tangu hapo umesambazwa kila nchi yenye joto, kutoka India hadi visiwa vya Karibi, ambako Saint Kitts na Nevis wamelifanya ua lake kuwa ua la taifa. Ajabu ni kwamba huko kwao Madagaska misitu yake yaendelea kukatwa kwa ajili ya makaa, huku duniani kote watu wakiupanda barabarani.

Hayo mawe ya chokaa yatuhusu. Ardhi yetu kuanzia Kwale hadi Malindi, kwa sehemu kubwa karibu na bahari, ni mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo juu. Miti mingi ya mapambo hudhoofika hapo, majani yakageuka manjano kwa kukosa chuma. Mkrismasi hausumbuki, kwani ndiyo ardhi yake ya asili.

Aina ya manjano huongezewa neno flavida katika jina la kisayansi. Si mti mwingine bali ni ule ule, isipokuwa ua lake limekosa ile rangi nyekundu. Majani ni yale yale ya vijani vidogo vidogo kama manyoya, umbo ni lile lile la mwavuli, na maganda ni yale yale marefu meusi ambayo watoto huyafanya panga. Kwa hiyo usipokuwa msimu wa maua, mtu aweza kusimama chini ya mti wa manjano asijue.

Na hapa ndipo ujanja, au tuseme mchanganyiko, unapoingia. Ukienda kwenye vitalu vya kando ya barabara ukauliza mkrismasi wa manjano, waweza kupewa miti mitatu tofauti, na muuzaji kila mara akawa anaamini anasema kweli.

Wa kwanza ni Peltophorum pterocarpum, mti wa Kusini Mashariki mwa Asia ambao umepandwa sana katika miji ya joto. Nao una kivuli kizuri na maua ya manjano, na majani yake yafanana na ya mkrismasi kwa mbali. Tofauti iko kwenye maua na maganda. Maua ya Peltophorum ni madogo, upana wa sentimita 3 au 4 hivi, petali zake zimekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa, nayo husimama wima juu ya mti katika vishada. Machipukizi ya maua ni ya rangi ya kutu. Maganda yake ni mafupi, hayafiki urefu wa kiganja, na hugeuka rangi ya shaba. Ua la mkrismasi wa kweli ni kubwa, karibu upana wa kiganja, na petali moja husimama tofauti na zile nyingine nne. Ganda lake hufikia sentimita 30 hadi 60, gumu kama ubao. Ukiona maganda, huna haja ya kungoja maua.

Wa pili ni mkanganyiko wa jina tu. Tanzania, mjohoro ni mti mwingine kabisa, Senna siamea, ule wa kuni na nguzo unaopandwa hata mashuleni. Maua yake ni ya manjano kwa asili. Kwa hiyo mtu akimwagiza jamaa yake wa Tanga amletee mche wa mjohoro wa manjano, asishangae akipata huo. Jamaa hajakosea, alichoagizwa ndicho alicholeta.

Wa tatu ndio wenye hasara kubwa zaidi, kwa sababu ni mkrismasi kweli. Muuzaji ameokota mbegu chini ya mti wa manjano, ameziotesha, na anauza miche kwa bei ya juu kwa kusema mama yake ni wa manjano. Yawezekana kweli mama ni wa manjano. Lakini baba ni nani? Nyuki na chozi hutembea kutoka mti hadi mti, na kama mtaa mzima ni mwekundu isipokuwa mti mmoja, sehemu kubwa ya chavua iliyofika kwenye ule mmoja ni ya miti myekundu. Mkulima wa maembe hahitaji kufundishwa hili: kokwa la embe tamu laweza kukuzalia mwembe wa matunda mengine kabisa. Tofauti ni kwamba mkrismasi wa mbegu huchukua miaka 5 hadi 10, pengine zaidi, ndipo utoe ua la kwanza. Mtu analipa, anamwagilia, anajenga uzio mbuzi wasile, na baada ya miaka 8 anaona wekundu ule ule wa jirani. Wakati huo kitalu kilishahama zamani.

Njia ya uhakika ni ile ile ya maembe: kupandikiza. Otesha mbegu za mkrismasi wowote, hata mwekundu, upate mche wa kubeba. Mbegu zake zina ganda gumu. Zikwaruze kwa msasa upande mmoja hadi uone weupe wa ndani, kisha ziloweke maji usiku na mchana. Zitakazovimba zizike sentimita 2 chini ya udongo, na kwa kawaida huota ndani ya wiki moja au mbili. Mche ukifika unene wa penseli, tafuta kijiti cha unene huo huo kutoka kwenye mti wa manjano uliokwisha kutoa maua, kabla majani yake mapya hayajachanua. Chonga kijiti kama kabari, pasua kichwa cha mche, kiingize, na uhakikishe ganda la huku limegusana na ganda la huku angalau upande mmoja. Funga kwa ukanda wa nailoni na uweke kivulini. Fundi yeyote wa kupandikiza miembe anaweza kazi hii, ingawa asitarajie yote yashike.

Faida ya pili ni muda. Kijiti kimetoka kwenye mti mzima, kwa hiyo maua yaweza kuja baada ya miaka 2 au 3 tu. Kuna jambo moja ambalo wanunuzi hulisahau: machipukizi yanayotoka chini ya kovu la kupandikiza ni ya ule mche wa chini, sio ya manjano, na huwa na nguvu. Yakate mara tu yanapochomoza, la sivyo yatammeza mgeni juu yake. Na unaponunua, mwambie muuzaji akuonyeshe hilo kovu. Mche usio na kovu ni mche wa mbegu, hata uapiwe vipi.

Kuupanda si kazi, kazi ni mahali. Mizizi yake hukimbia juu juu na kuinua sakafu, kuta na mabomba. Mwavuli wake mara nyingi hupita urefu wa mti wenyewe kwa upana, na matawi hukatika kwa upepo mkali. Kwenye viwanja vyetu vya mijini vya futi 40 kwa 80 mimi naona haufai kabisa, uwe mwekundu au wa manjano. Uweke mita 10 au zaidi kutoka nyumba, tangi la maji na shimo la choo. Uga wa shule, kiwanja cha msikiti chenye nafasi, au shamba, hapo sawa. Mwaka wa kwanza umwagilie. Baadaye uache upate kiu wakati wa ukavu, kwa kuwa mti unaonyweshwa na kutiwa mbolea kila wiki hustawisha majani na kusahau maua.

Mwenye kiwanja kidogo na aliyependa rangi atazame ule mti wa makaburini wenye utomvu mweupe, plumeria. Asili yake ni Amerika ya Kati na Karibi, na rangi zake ni nyingi: nyeupe, manjano, waridi, nyekundu iliyoiva, na mchanganyiko wa hizo kama machweo. Huu hauhitaji fundi. Kata kijiti cha sentimita 30 au 40, kiache kivulini wiki moja au mbili hadi jeraha likauke, kisha kipande kwenye mchanga usiotuama maji. Kitatoa rangi ya mama yake bila kubadilika. Mbegu za plumeria nazo hubahatisha kama za mkrismasi, kwa hiyo zile picha za mitandaoni za plumeria ya buluu na nyeusi kama lami, pamoja na pakiti ya mbegu 20, ni biashara ya picha. Plumeria ya buluu haipo.

Na kuna wa kwetu ambao hatuuthamini. Delonix elata, nduguye mkrismasi, humea wenyewe katika nyanda kavu za Kenya. Ua lake hufunguka jeupe, kisha linapozeeka hugeuka manjano ya kukolea, kwa hiyo mti mmoja hubeba rangi mbili kwa wakati mmoja. Huvumilia ukame kuliko yule wa Madagaska, na majani yake ni malisho ya mifugo. Anayetaka rangi isiyo ya kawaida angeanza na huo.

Kwa anayefikiria kuagiza vijiti au miche kutoka nje, sheria yataka kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS kabla mzigo haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka. Kuvificha kwenye sanduku la nguo ni kuleta magonjwa ambayo minazi na miembe yetu haiyahitaji.

Lakini kabla ya kuagiza, tembea mtaani Disemba ukitazama juu. Ukiuona wa manjano, zungumza na mwenyewe, na kwa ruhusa yake funga kitambaa kwenye tawi lenye maua. Ukirudi na kisu cha kupandikizia maua yatakuwa yamekwisha, na bila kitambaa hicho mtabaki mnabishana ni mti upi.